Mama Yako Alimeza Vyote

Stockholm, Juni 1978

Kwa Rehema, binti yangu,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi wake ni kwa huyo aliye mbali tu. Mimi si mzima, na wewe bado hujawa mbali. Upo Märsta kwa Mzee Shabani, unaagwa kwa pilau, na mimi nimebaki hapa jikoni kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Kichwa hakiumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kuandika bila kukuona usoni.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Jirani yetu Mama Namubiru amekufungia mizigo na kukuhubiria habari za maji ya kuchemsha mpaka mimi mwenyewe nikaona kiu. Ya bibi yako wa Pangani unayajua: miguu mibovu, ulimi mzima. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka minane, nikiliahirisha kila mwaka kwa kusema wewe ni mtoto. Sasa umemaliza shule, umefanya kazi wodini Flemingsberg majira mawili ya joto, umeosha maiti za watu wazima. Huo utoto siuoni tena.

Wiki iliyopita Mama Namubiru alikuuliza mezani kwa nini unakwenda kusomea uuguzi Tanga wakati vyuo vipo hapa hapa. Ukamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yako ukitaka mimi nikae kando: "Så att ingen kan lura mig igen." Ili mtu asinidanganye tena. Kisha ukanigeukia, ukasema kwa Kiswahili, kana kwamba mimi na wewe tuko upande mmoja: "Mama alinidanganya kila asubuhi. Mgonjwa wangu mimi hatanidanganya."

Nikaitikia kwa kichwa. Nataka ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma. Mama Namubiru aliacha kula, akanikazia macho mpaka nikainuka kwenda kuosha sahani ambayo haikuwa chafu.

Mama yako hakukudanganya, Rehema. Alimeza vyote. Hakuna kidonge hata kimoja alichokitema. Aliyedanganya ni mimi, na nitakueleza nilivyofanya, hatua kwa hatua, maana ukiyasikia juu juu utanitafutia udhuru. Wewe una moyo wa mama yako, hujambo kwa kuwatafutia watu udhuru.

Nilitangulia kuja huku peke yangu, kujifunza ufundi wa simu. Baridi ya pili nikaanza kukohoa, nikakonda, na daktari akaniambia ni kifua kikuu. Wakanilaza miezi saba katika hospitali ya kifua iliyokuwa msituni, nje ya mji. Sindano kila siku, na vidonge vya aina mbili: vikubwa vya kuchafua tumbo, na vidogo vyeupe ambavyo ulimi hauvijui. Muuguzi husimama mbele yako mpaka umeze. Walituambia wazi, na mimi Kiswidi nilikwisha kukielewa: dawa hii ni ya karibu miaka miwili, hata ukijiona mzima, na aina zote mbili pamoja, usiache moja. Kwa hiyo usije ukasema baba hakuambiwa.

Nikiwa bado wodini ikaja barua ya baba yako mdogo, Jumaa. Alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, na alikuwa anatema damu. Zahanati ya shamba, dawa leo ipo, kesho haipo. Aliandika: "Kaka, huko uliko nasikia hakuna mtu anayekufa kwa kikohozi."

Hapo inabidi nikueleze jinsi tulivyokuwa tukiishi, maana wewe umekuta mengine. Watu wa Afrika Mashariki hapa Stockholm tulikuwa wachache, tunajuana mpaka majina ya wake tuliowaacha. Na kila kitu kilikuwa na fungu la nyumbani. Ukipata koti jipya, la zamani ni la nyumbani. Ukilala hoteli ya mafunzo, sabuni ni ya nyumbani. Na dawa vivyo hivyo. Mtu akiandikiwa dawa ya koo, siku ya tatu akipata nafuu anaacha, vilivyobaki anavifunga kwenye karatasi ya fedha ya sigara, vinangoja msafiri. Aliyemaliza dawa yake yote alisemwa. "Amekula mpaka ukoko," ndivyo walivyosema, "hakukumbuka kwao." Haukuwapo ubaya mkubwa kuliko huo. Ungeweza kumwacha mkeo, ungeweza kunywa pombe msikiti ukiwa mlango wa pili, lakini kumaliza dawa peke yako, huo ulikuwa uchoyo wa mtu asiye na kwao.

Basi nikaanza wodini, kwa vile vidogo. Kidonge chini ya ulimi, maji juu yake, "Tack, syster," asante sista, muuguzi akageuka, kidonge kikaingia kwenye soksi. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani na kupewa dawa za mwezi mzima mkononi, mambo yakawa rahisi. Siku yangu, siku ya Jumaa. Siku yangu, siku ya Jumaa. Na vile vikubwa vilivyonichafua tumbo, je? Vile sikugawana na mtu. Nilivitupa chooni.

Hilo la chooni sikumwambia mtu yeyote. Hata Mzee Shabani, ambaye huko uliko sasa huenda anakusimulia kwa mara ya mia jinsi baba yako alivyogawana uhai na nduguye, hajui. Kutoa ni moyo, wanasema. Mimi nilitoa nilichokuwa sitaki kumeza, nikakiita moyo.

Jumaa aliandika: "Kaka, nimeanza kunenepa. Umenipa nusu ya pumzi yako." Barua ile ilisomwa kwa sauti Märsta, mbele ya watu. Mwanamke mmoja wa Kikenya alilia. Mimi nilitazama chini, kama mtu mnyenyekevu, nikisubiri wamsomee na aliyechelewa kufika. Kabla mwaka haujaisha Jumaa akarudi kutema damu, na safari hii hakuna kidonge kilichomsaidia, hata vile vya zahanati vilipofika. Akafa. Watu wakanipa pole, wakasema, "Wewe umefanya utu, mpangaji ni Mungu." Katika mabweni yale ya mkonge walilala watu wanane chumba kimoja. Sijui Jumaa alimkoholea nani, na huyo alimkoholea nani. Zamani nilikuwa najiambia hilo si langu.

Kisha mkaja nyinyi. Ulikuwa na miaka minane, umevaa gauni la njano kwenye upepo, na neno lako la kwanza lilikuwa kuuliza kwa nini jua lina baridi. Mama yako alicheka. Alikuwa na meno mazuri sana, Mwanaidi. Sina picha inayoyaonyesha kwa sababu mpiga picha wa Tanga aliwakataza watu kucheka.

Mimi nilikuwa nimeanza kukohoa tena. Nilijua. Nisingekuwa mimi kama nisingejua. Lakini nilikuwa nimepata kazi ya kudumu, nilikuwa nimeleta mke na mtoto, na niliogopa tukipatikana na ugonjwa tutarudishwa. Nikawa nakoholea kwenye shali. Majira yale ya baridi madirisha yalikuwa yamezibwa kwa utepe, chumba kimoja, sisi watatu, na mama yako akinisugua mgongo kwa mafuta ya karafuu, uso wake karibu na uso wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi, kikamuumbua mwingine.

Majira ya kuchipua likaja kazini lile gari la kupiga picha za vifua, tukapangwa mstari wote. Nikakamatwa. Wakawaita na nyinyi mkapimwe. Mama yako naye alikuwa nao, pande zote mbili. Wangu ulikuwa upande mmoja. Wakanipasua, wakakata kipande cha pafu wakatupa. Ndiyo maana napanda ngazi kama mzee. Yeye hakuwa na cha kukata. Alilazwa, akapewa vidonge vile vile vya kawaida, akavimeza kwa uaminifu wa mtu anayesali, na badala ya kupona akazidi kukonda.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa kuacha.

Tuliitwa chumbani kwa daktari. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayesema polepole ili niweze kutafsiri. Mama yako hakujua Kiswidi, mkalimani nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa nje kwenye benchi, unachezea kofia yangu. Daktari alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema kwa sababu ninayasikia kila siku: "Mwambie mkeo kwamba vijidudu vyake ni vile vile vya kwako. Vidonge vya kawaida haviviui tena, kwa kuwa wewe ulivimeza nusu nusu. Mwambie si kosa lake. Tunazo dawa nyingine za akiba, ni kali, na sindano zake zinaweza kuharibu masikio. Ni lazima ajue."

Mama yako akaniuliza, "Anasemaje, Baba Rehema?"

Nikamjibu, "Anasema hunywi dawa. Ndiyo maana huponi."

Ilikuwa rahisi hivyo. Sikupanga. Yalitoka kama chafya.

"Mimi?" akasema. "Wallahi namaliza zote. Mwambie namaliza zote."

Nikamgeukia daktari, nikasema kwa Kiswidi, "Anasema amekuelewa." Na yule daktari masikini akamtazama mama yako kwa huruma, akaitikia kwa kichwa. Mama yako akaona daktari ameitikia. Akaamini. Kuanzia siku ile alijiona ana dosari fulani asiyoijua, kwamba labda anameza vibaya, labda koo lake lina tundu, labda anavitema usingizini. Alianza kukagua mto wake kila asubuhi.

Walimruhusu kukaa nyumbani kiangazi kile, muuguzi wa mtaa akimfuata na sindano, vidonge nikimpa mimi. Na wewe nikakupa kazi. Unaikumbuka kazi yako, najua unaikumbuka, kwa sababu ndiyo inayokupeleka Tanga. "Fungua mdomo, mama. Inua ulimi. Kulia. Kushoto." Mtoto wa miaka tisa. Uliwahi kujiuliza baba alijuaje kwamba kidonge hujificha chini ya ulimi?

Ukaja siku moja ukaniambia, "Baba, amemeza. Nimeona mwenyewe." Nikakujibu, "Basi mbona haponi? Ama unamfichia, ama huna macho." Ulilia. Kesho yake nilikuona umesimama mbele yake kitandani, umeingiza kidole kinywani mwake, unapapasa kwenye fizi, na yeye amefumba macho, ametulia kama mbuzi anayeangaliwa umri sokoni. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kusema neno moja. Nilirudi jikoni kupika chai.

Masikio yake yakaanza kufa. Hakuna aliyemwambia kuwa ni sindano, kwa kuwa wa kumwambia nilikuwa mimi, na ningeanza kueleza sindano ningelazimika kueleza kwa nini zinahitajika. Alidhani ni adhabu. Ulikuwa ukimsomea kitabu cha shule kwa Kiswidi, ingawa haelewi, anapenda sauti tu, ikafika siku akakutazama midomo ikicheza, akanigeukia: "Rehema anasema nini?" Nikamwonyesha kwa mkono: anasema fungua mdomo. Akafungua.

Majani yalipopukutika wakamlaza tena. Mara ya mwisho kumwona akiwa na akili zake alikuwa anasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi, wodi nzima ikisikia na hakuna anayeelewa ila mimi. Alisema, "Mwambie daktari aniwie radhi. Sijui nakosea wapi." Daktari akaniuliza amesema nini. Nikasema, "Anashukuru."

Alikufa Februari. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji walitumia mashine. Hayo uliyaona.

Usiyoyaona ni barua niliyomwandikia bibi yako. Niliandika: "Binti yako alipewa dawa bora duniani, akazikataa." Nilijua barua husomwa kwa sauti barazani, nikachagua maneno yatakayosikika vizuri. Pangani wakasema mwanamke aliyekataa dawa amejiua. Hitima ikasomwa kwa aibu, watu wachache, mlango umerudishwa. Tangu hapo hakuna mtoto katika ukoo ule aliyepewa jina la Mwanaidi. Na unajua bibi yako alinijibu nini? Aliniomba radhi. "Mkwe wangu," aliandika, "tuwie radhi kwa kukupa mwanamke mkaidi, akakutesa ugenini." Nami nikamjibu kwamba nimewasamehe.

Nimeisoma mistari hiyo mara mbili sasa hivi nione kama naweza kuipunguza makali. Siwezi. Ndivyo ilivyokuwa.

Sikuamka siku moja nikawa mtu mwema nikaamua kukuandikia. Nilisukumwa. Mwaka jana, siku ya Iddi, ulikuwa kazini, tukawa Märsta kwa Mzee Shabani. Alikuwapo kijana wa Kikenya, mwanafunzi, aliyetoka kuugua koo, na mke wa Mzee Shabani akamwomba vidonge vilivyobaki, maana kulikuwa na msafiri. Kijana akasema, "Havijabaki, mama. Nilimaliza." Basi wakamla nyama. Mara uchoyo, mara uzungu, mara kusahau alikotoka. Mzee Shabani akasema, "Dawa inayobaki kwako ni haki ya mgonjwa mwingine. Muulize huyu Athumani, aligawana dawa ya kifua na ndugu yake, na yeye mwenyewe yuko kitandani!" Watu wote wakanigeukia. Kijana naye akanigeukia, ameinamisha kichwa, ameshindwa. Nikapakuliwa nyama ya pili. Nikala.

Mama Namubiru, aliyekuwapo pia, aliningoja kwenye ngazi, tukienda kupanda treni. Unajua Kiswahili chake cha Kampala. "Mimi si mtu ya maneno mingi," akasema. "Mimi ni muuguzi. Nimeona hiyo kovu yako ya mgongoni, nimesikia mke yako alikufa ya nini, nimesikia ndugu yako. Sasa leo nimesikia umegawa dawa. Sitaki unieleze, naweza kuunganisha. Lakini hii sifa utaikula mpaka lini? Huyo kijana amefanya vizuri na wamemtukana, na wewe unatafuna nyama."

Nikajitetea. Nikamwambia kuhusu Lennart wa kazini kwetu, Mswidi mwenye penisilini ndani ya sanduku lake la vifaa, pamoja na bisibisi, anayemeza kimoja kila akipiga chafya na kusema mwili ni wake, dawa ni yake. Nikasema, angalau sisi tunagawana! Mama Namubiru akacheka bila furaha. "Yeye anasema ni yake. Nyinyi mnasema ni yenu wote. Nani hapo amemuuliza yule atakayeumwa kesho?" Treni ikaja. Tangu siku hiyo hakunisemesha miezi miwili, na aliporudi kunisemesha ilikuwa kwa ajili yako.

Bado sijampa Mzee Shabani jibu la neno lake, kwamba dawa inayobaki ni haki ya mgonjwa mwingine, na sidhani kama nitaliweza. Leo mchana nilifungua sanduku lako. Watu wetu wamekupa vifurushi vitatu upeleke, na katika viwili nimekuta vidonge, karatasi ya fedha ile ile, vya rangi mbili, kama vinane hivi, havitoshi kumponya paka. Nimevitoa, nimevirudisha duka la dawa. Kifurushi kimoja kilikuwa cha mtoto wa dada yake Mzee Shabani, kifua kinambana, ana miaka mitatu. Ikiwa mtoto yule atakufa watasema ni mimi, na huenda wakawa sahihi. Sina hakika. Nilipokuwa nagawa nilikuwa na hakika kabisa. Wakikuuliza, sema baba yako amechukua, usijibebeshe.

Nimefika kwenye lile linalokuhusu wewe na mwili wako, na ambalo kwa ajili yake ningetakiwa kuandika hata kama nisingekuwa na dhamiri. Mlipopimwa mwaka ule, kwako walikuta kivuli kidogo kifuani. Mimi nilikuambia ni alama ya kuzaliwa. Si hivyo. Ni ugonjwa ule, umelala. Huenda usiamke maisha yako yote, wengi hauwaamkii. Lakini daktari yule mrefu alinipa karatasi, akaniagiza nikupe ukifika umri wa kuelewa, kwa sababu ukiamka, vidonge vya kawaida havitakusaidia kama havikumsaidia mama yako. Kuna dawa mpya siku hizi, ni lazima waulizie hiyo, na Tanga hawataiulizia bila sababu. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Imekaa miaka minane chini ya magazeti kwenye kabati la viatu.

Ungekwenda bila kuijua, ukakohoa kule mwaka huu au mwaka wa kumi, wangekupa vile vidogo vyeupe. Ungevimeza vyote, maana wewe si mtu wa kutema. Ungezidi kukonda. Na wewe mwenyewe, muuguzi mkali, ungeanza kukagua mto wako asubuhi, huku ukiwakoholea wagonjwa wako na bibi yako. Niliwaza hayo nikaona kwamba nimekwisha kumuua mmoja kwa ulimi na sasa ninamuua wa pili kwa kunyamaza, na bado nilichelewa mpaka siku ya mwisho.

Nitakupa barua hii mkononi kesho uwanja wa ndege wa Arlanda, pale mlangoni ambapo asiye na tikiti haruhusiwi kupita. Ndiyo, ni uoga. Sitaki uisome nikiwa karibu. Utaisoma angani, na utakapotua hutaweza kunipigia kwa hasira kwa sababu simu ya Pangani naijua, mimi ni fundi. Sikuombi uniandikie. Usinisamehe kwa haraka, kama nilivyowasamehe wale wa Pangani.

Bibi yako msomee yote, barazani, kwa sauti, mlango wazi. Usiruke la chooni. Usiruke la daktari. Akilia mwache. Akinilaani, itikia amina, wala usiniletee salamu zake.

Na ukikohoa, hata kama ni vumbi tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo na karatasi hii. Watakuuliza ugonjwa umeupata kwa nani. Daktari yeyote lazima aulize. Watu wetu watakuwa wamekwisha kukuzoesha kujibu "kwa mama." Mama yako umwache kabisa. Wape jina hili, waliandike kwenye faili lako, pale panapoulizwa chanzo:

Athumani Mdoe, fundi simu, Stockholm. Baba mzazi.